Klachi Iliyochomelewa

Fundi aliyeichomelea klachi ya mashine ya baba yangu nilimfundisha mimi mwenyewe fizikia, kidato cha pili. Nalitaja hili mapema kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasimulia watu kisa hiki bila kulitaja, na kila nilipolificha, hasira yangu ilionekana ya haki kuliko ilivyokuwa.

Mashine yenyewe ni ya kukata majani, ya zamani sana. Si kama hizi za siku hizi ambazo kisu chake kinazunguka kama feni chini ya bati. Hii ina visu sita vilivyopinda mfano wa msokoto wa kamba. Vinabingirika kwa pamoja na kuyakata majani dhidi ya kisu kingine cha chini ambacho hakisogei, kama mkasi. Juu ina injini ndogo ya petroli, nyuma ina rola nzito ya chuma, na ubavuni ina mnyororo. Baba aliitumia kwenye klabu moja ya ufukweni, alikokata majani tangu alipovuka ziwa kutoka Ukerewe akiwa kijana. Klabu ilipofungwa, wenyewe waligawana viti, meza na majokofu. Mashine hakuna aliyeitaka, wakamwambia aichukue. Aliisukuma kwa miguu hadi kwetu Mkuyuni, siku nzima, akipumzika kwenye kila kivuli. Tangu hapo alikata majani kwenye nyumba za watu kule vilimani, na sare zangu za shule zilitoka huko.

Sasa baba ana miaka themanini na kitu. Magoti yamekataa, na sikio la kushoto limezibwa na kelele za injini ile ile. Anaishi kwangu. Kazi moja tu hajakubali kuiacha: uwanja wa majani mbele ya kanisa letu. Ukoka ule aliupanda yeye, kipande kwa kipande, katikati ya majabali, kwenye udongo ambao watu walisema hautaotesha hata mbigili. Maharusi wote wa parokia wamepiga picha pale. Nilipostaafu ualimu nikawa miguu yake. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa sakristia, mimi nasukuma, na yeye ananifokea.

Wakati wa masika klachi ilianza kuteleza. Ukivuta mkono wa mashine, injini inanguruma lakini rola haiendi, au inakwenda kwa kusitasita kama mtu anayefikiria kurudi nyumbani.

"Kilachi hiyo," baba akasema. Ndivyo anavyoitamka. "Vizibo vimekwisha."

Ndani ya klachi ile kuna sahani nne za chuma, nyembamba. Mbili zinazunguka na injini, mbili zinazunguka na rola, na springi zinazibana pamoja. Ukilegeza springi, zinaachana; ukizikaza, zinashikana. Zile mbili za rola zina matundu, na ndani ya kila tundu kuna kipande cha gome laini la mti, kama vile vizibo vinavyozibia chupa za divai. Hivyo ndivyo vinavyoshika. Vikiliwa, chuma kinagusa chuma na kuteleza. Ni kitu rahisi na cha akili sana.

Baba alitaka tufungue wenyewe. Mimi nikakataa. Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara baada ya wiki tatu, majani yameshafika kwenye vifundo vya miguu, nikaona fundi atafanya haraka zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu, na baba hajaacha kunikumbusha.

Nikamchagua huyo mwanafunzi wangu wa zamani kwa sababu kibanda chake kiko karibu na soko, na watu wanamsifu kwa jenereta na pampu za maji. Aliponiona aliacha kila kitu.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Duh, hii mashine mmeitoa makumbusho?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba ndani kuna sahani, kwenye sahani kuna vizibo, na vizibo vimekwisha. Nikamwambia asigonge, asichomelee, afungue tu na kuweka vizibo vipya, na kama hana aniite. Nikarudia. Alikuwa anaitikia kwa kichwa huku macho yake yakiwa kwenye simu. Nikarudia mara ya tatu.

"Mwalimu, wewe kapumzike," akasema. "Hii niachie mimi."

Siku tatu baadaye nikaifuata. Alikuwa ameifuta vumbi na hata kuipaka rangi ya bluu kwenye rola, rangi ambayo sikumwomba.

"Ilikuwa inateleza, si ndiyo?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Sasa haitelezi hata kidogo."

Na kweli haikuteleza.

Tukaipakia kwenye guta hadi kanisani. Baba akakaa kwenye kiti chake. Nikavuta kamba ya kuwashia, injini ikashika mara moja, na mashine ikaondoka. Sikuwa nimegusa mkono wa klachi. Nilishika mipini kwa nguvu zangu zote nikidhani nimekosea kitu, nikausukuma mkono mbele, nikauvuta nyuma, lakini ilikuwa ni kama kuzungumza na jabali. Ikanivuta katikati ya maua, ikavuka njia ya kokoto, ikaelekea ngazi za kanisa. Pale kwenye ngazi alikuwepo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, amechuchumaa na tepu ya kupimia. Alipogeuka akaruka kama kijana. Visu vikaikamata tepu vikaitafuna, mashine ikagonga ngazi ya jiwe, na injini ikazima.

Kiwiko changu kilikuwa kinavuja damu. Nilisikia baba akiita kutoka kwenye kiti, "Achia kilachi! Achia kilachi!" maskini, kana kwamba klachi ilikuwepo.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, akijifuta vumbi, "mashine hii itaua mtu."

"Samahani sana. Umeumia?"

"Sijaumia. Ila hili linathibitisha tulichokubaliana. Hapa tunaweka matofali ya kutembelea. Uwanja wote. Kazi ya majani imekwisha."

Nikamtazama. Ndipo nikaelewa tepu ilikuwa ya nini.

"Mmekubaliana na nani?"

"Kamati."

"Aliyeyapanda haya majani amekaa pale. Mlimuuliza?"

Akageuka kumwangalia baba, akampungia mkono kwa heshima, kama mtu anavyopungia watoto wa shule. "Mzee ameshafanya sehemu yake. Tunamshukuru."

Nimefundisha miaka mingi, nimeona barua nyingi za kuwaondoa watu kazini, na zote zina neno hilo la shukrani. Nilijua nikifungua mdomo nitasema neno ambalo halisemwi kwenye ngazi za kanisa. Nikaifungua ile klachi kwa spana nilizokuwa nazo, pale pale juu ya majani, na mikono yenye damu. Ndani hapakuwa na sahani hata moja. Palikuwa na uvimbe wa weldingi kuzunguka pande zote, upande wa injini umeunganishwa na upande wa rola, kitu kimoja milele.

Nikakibeba kile chuma, nikaenda sokoni moja kwa moja.

"Umeichomelea," nikamwambia fundi.

"Ndiyo, Mwalimu. Si ulisema inateleza?"

"Klachi ina kazi mbili. Kushika na kuachia. Wewe umeiua moja. Ungeniua na mimi."

"Lakini sasa inashika," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesingiziwa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hakuwa ananidanganya. Aliamini kabisa kwamba amefanya nilichokitaka.

"Sahani ziko wapi?"

Akaonyesha pipa la vyuma chakavu. Nikainama nikachimba mwenyewe, kwenye minyororo iliyokatika na ringi zilizopasuka, watu wakisimama kuangalia mwalimu mstaafu amezama kwenye pipa hadi mabegani. Nikapata tatu. Ya nne ilikuwa kwa mama anayeuza chai kibanda cha jirani. Alikuwa ameiweka chini ya birika lake, akaniambia inazuia joto vizuri sana. Nikamwomba radhi, nikainua birika, nikaichukua.

Kisha nikarudi kwa fundi. Sijui kwa nini nilimuuliza swali lile. Nadhani nilitaka kumwaibisha mbele ya watu.

"Nilikufundisha msuguano. Msuguano ni nini?"

Akasimama wima, mikono nyuma, akaikariri maana yake kwa Kiingereza neno kwa neno, kama nilivyoiandika ubaoni zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hakuruka hata kiunganishi. Kwenye mtihani ningempa alama zote. Nikachukua moja ya zile sahani, nikamwekea mkononi, nikamuuliza, "Hapa msuguano uko wapi?" Akaigeuza. Akaangalia upande huu na upande ule. Akanirudishia.

Nilipanda kilima kurudi nyumbani na sahani nne kwenye mfuko wa rambo, na njia nzima nilikuwa nagombana. Kwanza nilimgombeza yeye. Kisha mwenyekiti. Lakini nilipofika kwenye jabali kubwa la kona, nikiwa sina pumzi, nilikuwa nagombana na yule mwalimu mwenye chaki. Darasa lilikuwa na watoto themanini, maabara imefungwa kwa kufuli na ufunguo haukujulikana uko kwa nani, basi nikawapa sentensi wakariri. Niliwasifu walipozikariri. Sikuwahi kumpa hata mmoja wao kitu cha chuma akishike. Na wale waliotupa mtaala, na kufuli, na watoto themanini, hakuna aliyewahi kuulizwa. Wamestaafu na wanapewa viti vya mbele kwenye sherehe.

Baba alisikiliza yote, sikio la kulia limeelekezwa kwangu.

"Wewe ulimfundisha nini huyu?" akauliza.

"Baba, hata mimi nimejiuliza."

"Haya. Usilie. Lete hicho chuma nikione."

Akapapasa ile weldingi kwa kidole gumba. Akasema haitoki kwa tindo, itapasuka, inahitaji kukerezwa. Mjini Nyamagana kuna mzee mmoja mwenye karakana aliyorithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake, waliokuja hapa kabla mji haujawa mji. Ana mashine ya kukerezea ndefu kama kitanda. Nilimpelekea kesho yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakuniambia nikapumzike. Alivaa miwani, akakigeuza kile chuma kwenye mwanga wa mlango.

"Nani kafanya hivi?"

"Mwanafunzi wangu."

"Basi pole mara mbili."

Akataka kuziona sahani. Akataka kujua zinapangwaje, ipi inaanza, springi inakaa wapi. Kila nilichojibu alikirudia kwa maneno yake ili aone kama ameelewa. Nilikaribia kutokwa machozi, si kwa huzuni, bali kwa jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo. Kumbe ndicho tu nilichokuwa nakitaka: mtu asikilize mpaka mwisho wa sentensi. Kazi ikamchukua mchana wote. Aliila weldingi ile kidogo kidogo, vinyweleo vya chuma vikidondoka kwenye viatu vyake, mpaka vipande viwili vikaachana mkononi mwake. Akavipuliza, akanikabidhi.

Vizibo nilivipata sakristia. Mtawa anayeitunza alikuwa na tabia ya kuhifadhi vizibo vya chupa za divai ya altare, hata yeye hakujua kwa nini. Alinipa nusu mfuko. Vingine vilikuwa vya plastiki, nikavirudisha. Nyumbani tukaondoa mabaki ya vile vya zamani, tukavikata vipya kwa wembe, tukavichemsha vilainike, tukavisukuma kwenye matundu kimoja kimoja, ishirini na vinne kwa jumla. Vilipokauka vilikuwa vimetuna na kujibana vyenyewe. Kisha baba akaniambia nitoe kioo cha dirisha lililovunjika jikoni, niweke msasa juu yake, nisugue sahani taratibu kwa kuzungusha mpaka vizibo vyote viwe usawa mmoja.

Mikono yake inatetemeka siku hizi hata kikombe kinamshinda. Lakini sahani ya pili aliipitisha kidole mara moja tu.

"Rudia. Kuna kimoja kimeinuka."

"Baba, mimi sikioni."

"Nani kakwambia uangalie?" Akakamata kidole changu, akakiburuta juu ya sahani kama anavyofundishwa mtoto kuandika herufi. Nikakisikia. Kilikuwa kimeinuka kwa unene wa karatasi.

Tuliijaribu uani. Wadudu wa ziwa walikuwa wamekuja asubuhi ile kama moshi, wakaganda kwenye grisi. Niliwasha. Injini ikanguruma, na mashine ikasimama palepale, imetulia, inatetemeka tu. Nikavuta mkono. Rola ikaanza kuzunguka polepole, bila kushtuka. Nikaachia. Ikasimama.

"Tena," baba akasema.

Nilirudia mpaka kiganja kikauma. Alikuwa amefumba macho.

Jumamosi kabla ya askofu kuja, matofali yalikuwa tayari yamepangwa langoni, rundo refu kuliko mimi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilianza upande wa ziwa, nikaenda na kurudi, na majani yale marefu yakaanguka kwenye kikapu cha mashine kama unga. Mwenyekiti alifika nikiwa katikati. Alifungua mdomo. Nikauachia mkono wa klachi mbele yake, mashine ikasimama hatua mbili kutoka kwenye viatu vyake, na nikamngoja. Paroko alikuwa ametoka nyumbani kwake na kikombe cha chai, akatembea juu ya sehemu iliyokatwa, ndala zimo mkononi.

"Mwenyekiti," akasema, "yale matofali yatatosha kule magari yanapoegeshwa, au tuongeze?"

Ndivyo ilivyokwisha. Nilidhani sasa nitatulia.

Lakini Jumapili, wakati wa matangazo, mwenyekiti alisimama na kuishukuru kamati ya ujenzi kwa "mazingira mazuri mnayoyaona nje". Watu wakapiga makofi. Baba alikuwa amekaa kando yangu na koti lake la harusi, na yeye pia akapiga makofi, kwa sababu hakusikia kilichosemwa. Sijawahi kusimama kanisani bila kuitwa. Nilisimama.

"Samahani," nikasema. "Majani yale hayakupandwa na kamati. Yalipandwa na mzee huyu, na juzi kamati ilitaka kuyafukia. Shukrani zipelekwe zinakostahili."

Askofu aliangalia mikono yake. Kisha mwanamke mmoja upande wa kwaya akapiga kigelegele, na wengine wakafuata.

"Wanashangilia nini?" baba akauliza kwa sauti kubwa ya kiziwi.

"Wewe."

"Kaa chini," akasema. "Unatia aibu." Lakini alikuwa ananyoosha kola.

Nje, baada ya misa, fundi wangu alinifuata. Mtoto wake alikuwa amepata kipaimara. Alikuwa amekwisha kuizunguka mara mbili mashine, tuliyokuwa tumeiacha kando ya sakristia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nani kaitengeneza?"

"Marahaba. Sisi wenyewe, na fundi wa kukereza mjini."

"Mliweka nini ndani?"

"Vizibo. Vya chupa."

Akapiga kofi pajani. "Sasa Mwalimu, kwa nini hukuniambia ndani kuna vizibo?"

"Nilikuambia. Mara tatu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakukumbuka. Niliona wazi kwamba hakuwahi kusikia hata mara moja. Ningeweza kupiga kelele. Badala yake nikamkalisha kwenye nyasi na suti yake mpya, nikaifungua klachi pale pale, nikamwekea sahani kwenye kiganja, nikakishika kidole chake na kukiburuta juu yake. Safari hii aliweka simu mfukoni. Tulikaa mpaka jua likatuhamisha.

Siku hizi akiletewa kitu cha kizamani asichokielewa, hakichomelei. Ananipigia. Wiki iliyopita ilikuwa pampu ya mkono kutoka Misungwi. Nilikwenda, na tuliifungua pamoja. Ni kijana mwerevu, mikono yake ina akili, anashika jambo upesi ukimwonyesha. Kila nikiliona hilo nafurahi, na papo hapo nakasirika upya, kwa sababu alikuwa mwerevu hivyo hivyo akiwa na miaka kumi na mitano, amekaa dawati la nyuma, ananakili.